Bomba la Kwenda Bakki

"Mama, sogea kidogo nipite," alisema Salvör. Alikuwa amepiga magoti chini ya dirisha la jikoni, kipimajoto mkononi, akijaribu kuifikia koki ya maji ya kupashia nyumba joto, iliyokuwa nyuma ya kiti.

"Nisogee niende wapi? Joto lote la nyumba hii limo humu." Bibi Hallbera hakusogea. Alikuwa ameketi mbele ya oveni ya umeme, mlango wa oveni wazi, na miguu yake yenye soksi za sufu juu ya soksi za sufu ameielekeza ndani kama mtu anayeoka mikate. "Lisome hilo dude lako ukiwa huko huko."

Salvör alilisoma. Nyuzi arobaini na moja. Kule bondeni, kisimani, maji yalikuwa yametoka ardhini yakiwa na nyuzi karibu themanini, yanaunguza vidole. Yalipofika kwao, nyumba ya mwisho yenye watu katika kijiji cha Melvík, yalikuwa maji ya kumwogeshea mtoto mchanga.

"Ngapi?" aliuliza mumewe, Ketill, bila kuinua macho kutoka kwenye kipande cha samaki mkavu alichokuwa akikipaka siagi.

"Arobaini na moja."

"Na juzi?"

"Arobaini na tatu."

"Basi tuvute subira. Yakigeuka barafu tutayakata vipande tuyauze."

Hakuna aliyecheka. Ketill mwenyewe hakucheka. Alikuwa fundi mashine wa kiwanda cha samaki hadi kiwanda kilipofungwa, na sasa aliendesha gari la kusukuma theluji la halmashauri siku theluji ilipoanguka, na siku isipoanguka alikaa nyumbani akila samaki mkavu na kusema maneno ya namna hiyo.

Ugonjwa wa Melvík haukuwa kisima. Kisima kilikuwa kizima. Ugonjwa ulikuwa bomba, na bomba nalo lilikuwa halina kosa lolote ila upana. Lililazwa enzi za kiwanda, kiwanda kikinywa maji ya moto usiku na mchana, nyumba zote za ufukweni zina watu na watu wana watoto. Kiwanda kikafa. Nyumba zikafungwa moja baada ya nyingine, wenyewe wakahamia mji mkuu kusini. Bomba likabaki vilevile, pana, na maji machache ndani yake yakawa yanatembea kama ng'ombe aliyeshiba, kila hatua yakiuachia udongo joto lao.

Kisha watu waliobaki wakafanya jambo ambalo kila mtu mwenye akili angelifanya. Walipoona maji ni vuguvugu na bili ni ileile, wakabana koki zao. Maji yakazidi kukawia njiani, yakazidi kupoa. Wakabana tena. Kadiri kijiji kilivyojinyima ndivyo kilivyozidi kupigwa na baridi, na Salvör, mhandisi wa shirika la joto la wilaya, alikuwa amekwisha kuchoka kwenda mlango kwa mlango kuwaambia wafungulie. Mwambie mtu anayeona baridi kwamba dawa ni kulipa maji zaidi, utaona atakavyokutazama.

Dawa ya kweli ilikuwa moja: bomba jipya, jembamba, lililovikwa ganda nene la povu, ambamo maji yangekimbia badala ya kutembea. Mfuko wa serikali uliahidi kulilipia, kwa masharti mawili. Kila nyumba itakayounganishwa iwe na sahihi ya mwenyewe. Na mchoro uonyeshe kwamba katikati ya majira ya baridi maji yataingia kila mlango yakiwa na nyuzi sitini, si pungufu. Mchoro ukishindwa, tawi la Melvík litafungwa, kila nyumba ipewe rejeta za umeme za kupashia vyumba joto na kuachwa ipambane na bili yake. Kazi ya kuchora ilikuwa ya Salvör.

"Umefika wapi na mchoro?" aliuliza Ketill.

"Naumalizia."

"Nimekuuliza umefika wapi."

Salvör alikifuta kipimajoto kwa shati lake, polepole. "Bakki," alisema.

Ketill akaweka kisu mezani. Bibi Hallbera akaitoa miguu yake ovenini, jambo ambalo asubuhi ile halikuwa limetokea hata mara moja.

Bakki ilikuwa nyumba ya marehemu wazazi wa Ketill, peke yake ng'ambo ya mto. Ketill na Salvör walimpa binti yao Eyvör siku alipoolewa. Eyvör na mumewe walikaa humo hadi kiwanda kilipofungwa, wakamfunga mtoto wao Ylfa kwenye kiti cha gari, wakaenda kusini kutafuta kazi "kwa muda." Muda ule ulikuwa haujaisha. Kila Jumamosi Salvör alivuka daraja kwenda kufungua madirisha ya Bakki na kuhakikisha koki imeachiwa maji kidogo, nyumba isigande.

"Haya," alisema Ketill, akakishika tena kisu chake. "Chora."

*

Bwawa la kuogelea la kijiji lilikuwa limefungwa, lakini halmashauri ilibakiza kijibwawa kimoja cha mviringo cha maji moto, kwa sababu kukifunga hicho kungekuwa sawa na kuwafunga watu midomo. Hapo ndipo habari za Melvík zilipopikwa. Siku ile zilionekana jozi mbili tu za mabega nje ya maji: ya Torfi, nahodha mstaafu, aliyevaa kofia ya sufu, na ya Oddný, mwenye duka.

"Karibu kwenye supu, mhandisi," alisema Torfi.

"Supu ya jana," alisema Oddný.

Salvör aliteremka ngazi akakaa. Maji yalimfika kidevuni. Hayakuwa mabaya, lakini mtu hakutamani kutoka, na hiyo ni dalili ya maji yasiyotosha moto. Yaliyo moto hasa hukufukuza mwenyewe.

"Mke wangu siku hizi analala na koti," alisema Torfi. "Miaka arobaini ya ndoa, bibi wee, na sasa ndiyo naambiwa nibishe hodi kwa vifungo."

"Labda si baridi," alisema Oddný.

"Sema wewe ambaye una majokofu ya dukani yanakupasha mgongo." Torfi akamgeukia Salvör. "Sasa. Nimesikia mstari wako unavuka mto."

"Unavuka."

"Kwenda Bakki."

"Kwenda Bakki."

"Na Bakki anaishi nani siku hizi, ukiwaacha kunguru?"

"Nyumba ni ya Eyvör."

"Najua ni ya nani, nilicheza harusi yake mpaka goti likavimba. Nimeuliza anaishi nani."

"Watarudi," alisema Salvör. "Mumewe ni seremala. Bomba likiwapo watarudi. Hakuna anayerudi kwenye nyumba ya baridi, Torfi."

"Amekwambia hivyo?"

Salvör akachota maji akajipaka usoni.

"Mwache," alisema Oddný kwa sauti ya upole, na upole wa Oddný watu wa Melvík waliuogopa kuliko ukali wake. "Kila mzazi hapa ana chumba chake. Mimi nina cha mwanangu Hlynur. Kila Krismasi nakitandika shuka safi, na kila mwaka mpya naitandua hiyo shuka haijalaliwa. Simlaumu mtu. Ila mimi chumba cha Hlynur sijakipelekea bomba la serikali."

Torfi alishughulika na kofia yake. Salvör alitaka kujibu, akaona kila jibu alilokuwa nalo lingeanza na neno "lakini." Akasimama. Hapakuwa na namna ya kuondoka kwa heshima mahali pale. Ilimbidi apande ngazi akiwa na nguo ya kuogelea, maji yakimchuruzika, kisha avuke sakafu iliyoota barafu kwa vidole vya miguu, huku watu wawili waliomjua tangu kubatizwa wakimtazama mgongo.

*

Mabomba hayauzwi kwa upana unaoutaka. Yanauzwa kwa saizi, kama viatu, na baina ya saizi mbili hakuna kitu. Hilo ndilo lililomtesa Salvör ofisini wiki nzima.

Bila Bakki, hesabu ilikaa yenyewe. Saizi ndogo ilitosha, maji yalikimbia, na mlango wa mwisho, mlango wa kwao, ulipata nyuzi sitini na tatu. Akiiongeza Bakki, maji ya nyumba moja zaidi na urefu wote ule wa kuvuka mto vilidai presha ambayo saizi ndogo haikuweza kuibeba. Mchoro mzima ukaruka saizi moja juu, toka bondeni hadi ufukweni. Hata hivyo ulifaulu, kwa sharti moja: Bakki iwe na watu wanaooga, wanaofua, wanaoacha rejeta wazi na kufungua madirisha wakiona joto, kama watu wa kawaida. Hapo nyuzi zilikuwa sitini na moja kila mlango. Wakikosekana watu, bomba linarudi kuwa pana kuliko maji yake, na ugonjwa wa zamani unarudi kijijini umevaa ganda jipya.

Alijaribu kila ujanja alioujua. Aliongeza unene wa povu. Aliweka koki ya kumwaga maji baharini kule mwisho ili yasisimame, akakuta kisima hakina maji ya kumwaga hivyo. Alilihamisha bomba upande wa juu wa barabara, akalirudisha.

Bergur wa mfuko wa serikali alikuja Alhamisi, kabla theluji haijaufunga mlima. Walisoma darasa moja, na nywele zao zilikuwa zimeingia mvi pamoja. Aliinamia mchoro akiwa na andazi la kusokotwa mkononi, akiangalia asiangushe chembe.

"Kazi nzuri," alisema. "Kazi nzuri sana. Tawi hili linakwenda kwa nani?"

"Bakki. Nyumba ya binti yangu."

"Aa, Eyvör. Amerudi?"

"Anarudi."

Bergur alitafuna akameza. "Sahihi yake iko wapi?"

"Nitaileta."

"Nyingine zote zipo," alisema Bergur, akizipekua. Kisha akazipanga sawa, ncha kwa ncha. "Salvör, mimi sitakwenda kugonga mlango wa mtu kuuliza kama yumo. Sahihi ikiwapo, mimi nagonga muhuri. Naondoka Jumatatu."

"Ndiyo."

"Unanielewa nimesema nini?"

"Nimeelewa, Bergur. Chukua andazi jingine."

Alimwelewa sana. Alikuwa amefunguliwa mlango, kwa heshima, na mtu ambaye angegeuza uso upande wa pili akipita. Hakuna ambaye angejua mpaka majira ya baridi.

*

Jumapili baada ya ibada ya redioni alikwenda chumbani, akafunga mlango, akapiga simu kusini. Ketill alikuwa nje akipasua gogo lisilohitaji kupasuliwa.

"Mama. Subiri nifunge dirisha, gari zinapiga kelele." Salvör akasikia dirisha likifungwa. "Huku joto limezidi, rejeta ya chumba cha Ylfa haifungiki, tunaishi na madirisha wazi. Hamjambo? Bibi yu hali gani?"

"Anaoka miguu ovenini."

Eyvör akacheka, kicheko kilekile cha kupitia puani, na Salvör ilimbidi aketi juu ya kitanda. "Mwanangu, sikiliza. Lile bomba jipya nililokwambia. Nimelifikisha Bakki."

"Bakki yetu?"

"Kwani iko nyingine? Joto la kutosha, maji ya kutosha, hata mkitaka kijibwawa chenu uani mnaweza. Kinachotakiwa ni sahihi yako tu. Unasaini kwenye simu, si kazi."

Upande wa pili mtoto alikuwa akiimba.

"Nikisaini inakuwaje?"

"Mnakuwa mmejiunga. Mtakuwa na joto."

"Na tusipokuja?"

"Nani amesema hamji? Kazi za useremala ziko hata huku. Nyumba ngapi zinavuja mapaa? Shule bado ipo. Ylfa atakuwa na..."

"Mama."

"...na bibi zake wawili wa kumtunza, huko unalipia mtu."

"Mama, Ylfa ana marafiki huku. Mimi nimepandishwa cheo mwezi uliopita, nilitaka kukwambia vizuri, siyo hivi." Eyvör alivuta pumzi. "Tunanunua nyumba. Ndogo tu. Tumeshasema na benki."

Salvör aliitazama ukutani picha ya harusi, akaiona imepinda, akanyoosha mkono kuinyoosha.

"Mbona hukuniambia?"

"Kila nikianza unaniambia umefungua madirisha Bakki."

Ketill nje aliangusha shoka, kuni zikavingirika.

"Unalia?" aliuliza Eyvör.

"Nina mafua. Nyumba hii ya baridi."

"Nitasaini," alisema Eyvör ghafla. "Nitumie, nisaini sasa hivi. Kama itakufurahisha, mama. Hainigharimu kitu. Lakini usije ukasema nilikudanganya. Hatuji."

Na alisaini kweli. Kabla Salvör hajatoka chumbani simu ililia, sahihi ikawa imefika, jina lote la binti yake limeandikwa safi kama vile alivyomfundisha mwenyewe pale mezani jikoni.

*

Jumatatu asubuhi Bibi Hallbera alitaka kuoshwa nywele. Alisema hawezi kwenda kwa daktari wa macho akinuka kondoo. Salvör alichemsha birika, akachanganya na maji ya bomba, akamwinamisha mama yake kwenye beseni la jikoni na kumfunika taulo mabegani. Shingo ya bibi ilikuwa nyembamba, ngozi yake imesimama vipele vya baridi.

"Yana moto wa kutosha?" aliuliza Salvör.

"Yanatosha. Mimina usiniangalie kama maiti." Alinyamaza wakati maji yakipita masikioni, kisha akasema ndani ya beseni, "Amesaini?"

"Nani kakwambia?"

"Kuta za nyumba hii ni mbao. Amesaini?"

"Amesaini."

"Kwa hiyo anakuja."

Salvör alimimina. "Hapana."

"Haji?"

"Haji, mama. Wananunua nyumba huko huko."

Bibi Hallbera aliinua kichwa, maji yakimtiririka usoni, akamtazama binti yake kwa jicho lile moja lililokuwa bado linaona vizuri. "Sasa hiyo sahihi inampasha nani joto?"

"Inamaanisha njia ipo. Akibadili mawazo..."

"Mimi nimezaa watano. Wewe tu ndiye uliye karibu nami kiasi cha kunimwagia maji. Unafikiri wale wanne sikuwawekea vitanda? Niliweka. Kitanda hakimzuii mtu kulala kwingine." Alianza kutetemeka, na kidevu chake kiligonga ukingo wa beseni mara moja, kwa sauti ndogo. "Nifute, nimeganda. Maneno utayawaza baadaye."

Salvör alimfunga taulo, akamkalisha mbele ya oveni, akampa kahawa na kipande cha sukari cha kushika kwa meno wakati wa kunywa. Bibi alishika kikombe kwa mikono yote miwili lakini hakunywa. Alikuwa akijipasha viganja. Salvör alisimama nyuma yake na chanuo, akazichana nywele zile nyeupe mpaka zikakauka, zote, bila haraka, ilhali saa ya kumkabidhi Bergur mchoro ilikuwa imekaribia.

Kisha alikwenda ofisini akafungua mchoro. Aliufuta mstari ule kuanzia Bakki, akirudi nyuma: mlango, ua, daraja, ukingo wa huku wa mto. Ulipofika kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe akaacha. Akabadilisha saizi ya bomba, tawi zima, mpaka bondeni. Hesabu zikajipanga zenyewe upande wa kulia wa ukurasa kana kwamba zilikuwa zikingoja aondoe mguu wake tu.

Bergur aliusoma akiwa amevaa koti tayari. "Umeiondoa Bakki."

"Haina mtu."

"Na sahihi?"

"Imekuja. Haina mtu."

Aliutazama mchoro muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akagonga muhuri. "Unajua saizi hii ikishazikwa ardhini, huwezi kuiongezea nyumba baadaye. Hata moja."

"Nimeichora mimi," alisema Salvör. "Najua."

*

Bomba lilizikwa kiangazi kilichofuata. Siku maji yalipofunguliwa yalifika jikoni kwa kishindo, rejeta zikapiga makelele ukutani kama watu walioamshwa kwa nguvu, na Bibi Hallbera akavua soksi moja. Baada ya wiki alianza kulalamika kwamba anaokwa. Madirisha ya Melvík yalifunguliwa tena kama zamani, pazia zikapeperuka nje kwenye baridi, na Torfi alimwambia Salvör mbele ya watu kwamba mkewe amerudi kulala bila koti, na kwamba yeye sasa ndiye anayeumwa kichwa. Oddný alileta keki. Hakusema kitu kuhusu Bakki. Aliiweka keki mezani akamgusa Salvör kiwiko, akaenda zake.

Bomba la zamani lilipangwa kufungwa mwanzoni mwa Oktoba. Nyumba isiyo na watu, maji yakikatwa, lazima ikamuliwe maji yote kabla ya baridi, la sivyo rejeta hupasuka na mabomba ya ukutani huchanika, na nyumba hufa kutoka ndani. Watu wa Melvík walikuwa wamezifanyia hivyo nyumba nyingi. Walijua kuanzia koki ya chini, kupuliza mabomba kwa kompresa, na kumimina dawa ya kuzuia barafu chooni. Waliokuwa wakiifanya kazi hiyo kwa kawaida hawakuzungumza.

Salvör na Ketill walivuka daraja baada ya chakula cha mchana, Ketill akivuta kompresa kwenye kigari. Jua lilikuwa limelala chini juu ya bahari na nyasi zilikuwa za manjano. Ndani ya Bakki mlinukia mbao na vuguvugu la maji kidogo yale. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza. Mlangoni palikuwa na vialama vya kalamu ya risasi vya urefu wa Ylfa, na cha mwisho hakikumfika mtu mzima kiunoni.

Ketill alifungua sanduku la vifaa, akachagua spana, akairudisha, akachagua ileile.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikitaka tuondoke," alisema. "Unakumbuka? Nilisema tuwafuate kusini."

"Nakumbuka."

"Sikutaka kuondoka. Nilitaka useme ndiyo, basi nami niseme hapana."

Salvör alimtazama mumewe, mtu mnene mwenye sweta lililotoboka kiwiko, aliyeishi naye zaidi ya nusu ya umri wake. "Ungeniambia."

"Ulikuwa unachora."

Salvör alipita kila chumba kufungua milango yote, kama kazi ilivyotaka, ili hewa ipite. Jikoni, sebuleni, chumba cha wazazi, kijichumba cha mtoto chenye karatasi ya ukutani ya samaki wa rangi. Aliporudi Ketill alikuwa amechomeka mpira wa kumwagia maji na kuutoa nje kupitia dirishani, ukiwa umelala juu ya nyasi.

"Tuanze na chumba kipi?" aliuliza.

Salvör alisimama katikati ya ukumbi, kifundo cha mlango wa mwisho bado mkononi. Kwa kawaida ya kazi huanza jikoni, kwenye koki kuu, na kumalizia vyumba vya mbali.

"Cha mtoto," alisema.

"Cha mtoto ndicho cha mwisho kwenye mstari."

"Ndiyo maana. Sitaki tumalizie humo."

Ketill hakubisha. Aliuvuta mpira hadi kijichumbani, akapiga goti, akalegeza nati kwa spana. Maji yakaguna ndani ya rejeta, yakashika njia, na nje ya dirisha yakaanza kumwagika juu ya nyasi, yakitoa mvuke hafifu kwenye hewa ya baridi. Salvör alikwenda dirishani akayatazama yakitoka. Yalichukua muda. Rejeta ya chumba kidogo, kumbe, hushika maji mengi.